Nani Kasema Bado?

Asubuhi ambayo boti mpya ilikuwa ivuke maji kwa mara ya kwanza, Bi Mbele alivaa viatu vyake vya raba, akakaza kitambaa kichwani ili upepo usikipeperushe, kisha akasimama mlangoni kumsubiri mumewe amalize kunyoa. Mumewe alikuwa ananyoa kidevu alichokwisha kukinyoa jana.

"Utajichuna ngozi, mzee. Mkaguzi hakagui ndevu."

"Mkaguzi hukagua kila kitu," Nahodha alijibu akiwa amekitumbulia macho kioo kidogo kilichoning'inia juu ya karo. "Hata pumzi anakagua."

Alikuwa anaogopa, na mkewe alijua. Ila katika nyumba ile hofu ya Nahodha haikutajwa kwa jina lake. Tangu walipooana iliitwa tumbo.

"Tumbo linasumbua?"

"Kidogo."

"Nikuchemshie maji?"

"Hapana. Litatulia tukishaondoka."

Binti yao aliingia na funguo mkononi na simu begani, ameibana kwa sikio. Abiria walimwita Meneja kwa utani, mpaka utani ukawa cheo. Yeye ndiye aliyesema boti ya zamani imechoka, akaitafutia mnunuzi, akakaa na wenzake watatu kwenye vikao visivyokwisha, akaleta hii mpya. Boti ya zamani sasa ilikuwa kwa watu wa juu huko mtoni, inabeba mchanga.

"Baba, tukumbushane kidogo kabla hatujatoka," alisema baada ya kuikata simu. "Leseni yako ni ya injini moja, si kama yangu. Leo unapimwa kwa injini mbili. Ukifaulu, usukani ni wako mpaka uchoke mwenyewe, hakuna wa kukuuliza. Usipofaulu..."

"Usipofaulu ndiyo nini?"

"Ndiyo abiria, Baba. Kwa umri wako hawaruhusu kurudia."

"Abiria," Nahodha alisema, kama mtu aliyeonja maziwa akakuta yamechacha. "Mimi, abiria."

"Ndiyo maana nakwambia usikilize. Wewe unajua maji kuliko mimi. Sikatai. Lakini ile boti ina mambo yake."

"Kila mwanamke ana mambo yake," Nahodha alisema, akajipangusa kidevu. "Mama yako alikuwa nayo. Tukazoeana."

Bi Mbele alicheka kwa pua. Wakafunga mlango, wakashuka gatini watatu, Nahodha katikati.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Walialikwa majirani na abiria wa siku nyingi: mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati ya ng'ambo, muuza magazeti, na mdogo wake Bi Mbele wa kike, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kualikwa mahali akakosa. Wote walikuwa wanaitazama boti iliyofungwa mwisho wa gati, nyeupe, pana, imesimama juu ya matumbo mawili membamba, na katikati ya matumbo hayo maji yanapita wazi kama chini ya meza.

"Sasa hii," alisema fundi cherehani, mikono kiunoni, "hii si boti. Hii suruali."

Watu wakacheka. Mwalimu mstaafu akasema, "Suruali ya nani, fundi? Mpime kiuno basi."

"Ya mtu mwenye hela. Tazama mapaja hayo!"

Kuanzia saa ile boti ikaitwa Suruali, na jina zuri lililoandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu hakuna aliyelisoma tena. Meneja alikunja uso, halafu akacheka na yeye, maana jina likishaingia kinywani mwa watu huwezi kulitoa kwa koleo.

Bi Mbele hakucheka. Alikuwa amekwenda moja kwa moja hadi mwisho wa gati, akaingia botini, akaenda kusimama mahali pake, mbele kabisa, akatafuta kwa mkono kamba ya kufungia. Hapakuwa na kamba pale. Palikuwa na kioo kidogo cheusi kilichochomoza kama jicho la samaki.

"Mama," Meneja alimfuata, akishusha sauti. "Hapo haruhusiwi mtu kusimama boti ikitembea. Ni sheria. Hicho ni kamera. Baba anaona kila kitu kwenye skrini kule ndani."

"Kamera inasema?"

"Haisemi, Mama. Inaonyesha."

"Ahaa."

"Leo wewe ni mgeni wetu. Ukae, ustarehe. Umesimama vya kutosha."

Akamvalisha jaketi la kuokolea, la rangi ya buluu. Meneja na Nahodha walivaa ya rangi ya chungwa. Bi Mbele aliangalia lake, akaangalia la mumewe, akauliza, "Haya yanatofautiana nini?" Meneja akajifanya hakusikia. Fundi cherehani, asiyejua kujifanya, ndiye aliyesoma maandishi ya mgongoni kwa sauti: "Abiria. Dada, umeandikwa abiria!"

Bi Mbele akaenda kuketi safu ya kwanza, nyuma ya chumba cha usukani. Viti vilikuwa laini. Hakujua aiweke wapi mikono.

Lazima ieleweke jinsi watu hawa wawili walivyofanya kazi. Boti ya zamani ilikuwa na omo, yaani sehemu ya mbele, refu lililoinuka, na paa la turubai, na Nahodha aliiendesha akiwa amesimama nyuma kabisa, mkono wa usukani kwenye nyonga. Mbele yake palikuwa na abiria, mabegi, magunia, baiskeli, na mara moja kabati la nguo la maharusi. Gati hakuwa analiona. Tangu boti ikaribie mpaka iguse, hakuona chochote ila vichwa vya watu na, kule mwisho, mgongo wa mkewe akiwa ameshika kamba.

Mkewe ndiye aliyemwambia. Naye hakuwa na maneno mengi, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma na maneno mengi yangepotea njiani. Alikuwa na neno moja: bado. Akilisema kwa kulivuta, baaado, maana yake maji ni mengi, acha injini iendelee. Akilisema la kawaida, punguza. Akilikata, bado bado bado, weka mkono kwenye giya, lakini usiivute. Halafu husema "haya", na Nahodha hurudisha nyuma, na boti hulala ubavu kwa gati kama mtoto kwa mama. Abiria walizoea wimbo huo hata watoto wakawa wanauigiza shuleni. Na mama yule asiyegeuka nyuma wakambatiza Bi Mbele.

Wakati mwingine waliondoka nyumbani wamenuniana, hawajasemeshana tangu jana, kisa chumvi au kisa shemeji. Lakini gati likikaribia, neno lilikuja. Hawakuwahi kugonga. Nahodha alijisifu kwa jambo hilo kwenye kila harusi na kila msiba, na kila aliposema "sijawahi kugonga", Bi Mbele alikuwa upande wa wanawake, anakula, hasemi kitu.

Mkaguzi alifika, mtu mtaratibu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimsalimia Nahodha kwa heshima, "Shikamoo mzee wangu," na heshima ile ndiyo iliyozidi kumbana Nahodha tumbo, maana mtu hukupa heshima nyingi akiwa ana la kukupokonya.

"Marahaba. Tuondoke?"

"Tuondoke. Mzee utavuka, utaigeuza katikati ya maji, utaifunga kwenye gati la ng'ambo. Basi. Mimi nitakuwa kimya."

Nahodha aliacha mlango wa chumba cha usukani wazi. Meneja alitaka kuufunga kwa sababu ya upepo, akamwambia, "Uache. Nataka hewa."

Injini zikawaka, na kila mtu akashangaa, kwa kuwa hazikunguruma. Zilivuma tu, kama friji ya jirani. Nahodha akasukuma mbele mikono miwili ya kasi, vyuma vya kuongezea mwendo, pole pole, na Suruali ikaachana na gati bila kuyumba. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amejishikilia kwenye nguzo kama alivyozoea, akaachia mkono mmoja, halafu wa pili, akasimama katikati kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Hailali upande!" alipiga kelele. "Jamani, hailali upande!"

"Suruali hailali," fundi cherehani akajibu. "Inakunjwa."

Nahodha aliongeza mwendo. Boti ikajiinua, maji yakapita chini yake kwa mlio mwembamba wa kitambaa kinachochanwa, na upepo ukampiga usoni. Upepo. Miaka yote aliyofanya kazi majini, upepo ulimfikia ukiwa umeshapita kwa abiria, unanuka jasho na mafuta ya nywele. Huu ulikuwa mpya. Akacheka peke yake, meno nje. Meneja alimwona akicheka, akageuza uso kando, machozi yanamlengalenga, kwa kuwa hilo ndilo alilolitaka siku zote za vikao.

Katikati ya maji Nahodha akarudisha chuma kimoja nyuma na kusukuma kingine mbele, kama alivyofundishwa. Boti ikazunguka mahali pake, duara kamili, kama mtu anayejitazama nguo mpya. Abiria wakapiga makofi. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Nahodha akageuza shingo kumtafuta mkewe. Bi Mbele alikuwa anapiga makofi pia.

"Umeona?" alimwuliza.

"Nimeona, mzee. Tazama mbele."

Simu ya fundi cherehani ililia walipokuwa wanakaribia ng'ambo.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu ndugu hawa wawili: sauti zao zilikuwa moja. Mtu akipiga simu nyumbani na mdogo akapokea, hata Nahodha humaliza maelezo yake yote ndipo aambiwe, "Shemeji, ni mimi." Tena fundi cherehani, kama mafundi wote wa nguo, alikuwa na neno lake la kazi. Mteja akiulizia gauni lake lililoahidiwa Jumatano, fundi ana jibu moja.

Gati la ng'ambo lilikuwa wazi mbele ya Nahodha. Aliliona lote: nguzo, matairi yaliyoning'inizwa, mbwa aliyelala kivulini. Lilizidi ukubwa kwenye kioo na kwenye skrini. Hakuwahi kuliona gati likija namna ile, na lilimduwaza. Alishika mikono ya kasi. Mwili wake ukatulia, ukasikiliza.

"Baaado," sauti ikasema nyuma yake. "Baado, mama."

Akaacha injini iendelee.

"Bado, nakwambia. Mikono ndiyo bado."

Akapunguza kidogo. Macho yalimwambia gati limefika. Lakini macho yake yalikuwa mageni katika kazi ile, siku yao ya kwanza, na sikio lilikuwa mwenyeji.

"Baba," Meneja alisema.

"Bado bado bado! Si nimesema bado? Utavaa Jumamosi!"

"Baba! Nyuma! Rudisha nyuma!"

Tumbo la kulia la Suruali likagonga nguzo. Haikuwa ajali ya kuumiza mtu. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe. Muuza magazeti alikaa chini bila kupenda, mbwa akakimbia, na rangi nyeupe ikachubuka kwa mstari mrefu kama mkono wa mtu. Ndipo fundi cherehani akasikika akimwambia mteja wake kwa upole, "Ngoja kwanza mama, tumegonga."

Nahodha aligeuka. Uso wake mzima ulikuwa swali.

"Nani kasema bado?"

Fundi cherehani akaishusha simu taratibu, akaiweka mapajani. "Mimi, shemeji. Mteja wangu... gauni lake." Halafu akaelewa, kwa kuwa na yeye alikuwa amevuka mara nyingi kwa wimbo ule. Akajiziba mdomo.

Bi Mbele alikwisha kuelewa kabla ya mtu yeyote. Alisimama, na jaketi lake la buluu limempanda hadi masikioni.

"Bwana mkaguzi, kosa ni langu. Mimi nilinyamaza."

Mkaguzi alimtazama, akamtazama Nahodha, akamtazama Meneja. "Samahani, sijaelewa. Mama alitakiwa kusema nini?"

Meneja akaanza kueleza. Alieleza haraka haraka, mikono inapepea: boti ya zamani, omo refu, mama mbele, baba nyuma. Nahodha alimkatiza.

"Usimweleze. Unanifanya nionekane mtoto."

"Baba, nakusaidia."

"Hunisaidii. Unanivua nguo mbele za watu."

Mkaguzi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Aliangalia ule mstari kwenye rangi, akaangalia karatasi yake, akafunika kalamu. "Mzee wangu, tufanye hivi. Hili la kwanza sijaliona. Rudi nyuma, ingia upya. Mara moja."

Abiria wakashusha pumzi. Mwalimu mstaafu akasema, "Muungwana huyo." Fundi cherehani akaizima simu kabisa, jambo ambalo wateja wake walisimulia baadaye kama kupatwa kwa jua.

Nahodha akairudisha boti nyuma hadi kwenye maji mapana, akaielekeza upya. Safari hii palikuwa kimya kabisa. Akaja, akapunguza, akapunguza tena. Gati likawa kubwa. Alikuwa anaona, lakini hakuwa anajua. Na tofauti ya kuona na kujua hakuwahi kuipima. Akasimamisha injini. Suruali ikaelea pale, mbali na gati kiasi ambacho mtoto asingeweza kuruka, imetulia, inangojea.

"Mama," aliita bila kugeuka.

"Naam."

"Niambie."

Bi Mbele akaanza kwenda mbele. Meneja akanyoosha mkono kumzuia, halafu akaushusha, hakujua aufanye nini. Mkaguzi ndiye aliyesema.

"Mama haruhusiwi kusimama mbele."

"Asimame hapa basi, karibu yangu. Hapa ndani."

"Hapo anaweza kusimama," mkaguzi alisema pole pole. "Lakini mzee, niambie ukweli tu. Kati yenu, nani anayeendesha?"

Nahodha alifikiri. Ndiye mtu aliyejisifu kwenye kila harusi na kila msiba, na mkaguzi alikuwa amempa njia: ilitosha kusema "mimi". Abiria wote walitaka aseme hivyo. Meneja aliitikisa midomo, anamsaidia kulitamka.

"Sisi," alisema Nahodha. "Sisi ndio tuliokuwa tunaendesha."

"Leseni ni ya mtu mmoja, mzee wangu."

"Najua. Mliniandikia mimi peke yangu. Mlikosea tangu zamani, na mimi nikanyamaza."

Akaiondoa mikono kwenye vyuma, wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, akaipangusa kwenye suruali yake. Alimtazama binti yake.

"Nahodha," alimwita. "Njoo uitie gatini. Watu wana safari zao."

Meneja hakusogea mara moja. Ilibidi mama yake amsukume kidogo mgongoni, kama alivyomsukuma siku ya kwanza ya shule. Akaingia, akashika, akaitazama skrini, na boti ikakaribia gati na kuligusa kwa namna ambayo kikombe kingekuwapo kisingemwaga chai. Mkaguzi akaandika. Hakuna aliyepiga makofi, na hilo lilikuwa jambo la hekima.

Kurudi, Nahodha aliketi safu ya kwanza kando ya mkewe. Fundi cherehani alitaka kuomba radhi, Bi Mbele akamkonyeza aende akae nyuma, akaenda.

Mabega yao yaligusana kwa ajili ya yale majaketi manene. Nahodha aligundua kuwa hajawahi kuketi na mkewe kwenye chombo. Alijua mgongo wake: kiangazi, masika, na mtoto amebebwa, na mwaka ule alipokonda, na mwaka ule nguo zilipoanza kumbana. Mgongo angeuchora gizani. Uso wake ukiwa juu ya maji hakuwa amewahi kuuona. Akauangalia. Alikuwa amekunja macho kidogo kwa ajili ya mwanga, na mdomo umefunguka nusu.

"Tumbo?" Bi Mbele aliuliza.

"Linauma," alijibu. "Leo linauma kweli."

"Litapoa."

"Sijui kama litapoa."

"Basi litauma, na tutakula, na tutalala."

Mji ulikuwa unakuja. Ulikuja kwanza kama mstari wa kijivu, halafu mstari ukapata madirisha, halafu madirisha yakapata nguo zilizoanikwa. Nahodha alikodoa macho. Aliishi katika mji huu maisha yake yote, na kila siku aliurudia akiwa anatazama visogo.

"Ile nyumba ya ghorofa yenye ngazi nje ni ya nani?" aliuliza.

Bi Mbele alimgeukia. "Huijui?"

"Nitaijulia wapi? Sikuwahi kuiona."

"Hiyo! Hiyo ina habari. Alikuwepo bwana mmoja kila asubuhi anatoka kwenye ile ngazi, anatupungia mkono. Nami namwitikia kwa kichwa, maana mikono ina kamba."

"Alikuwa anakupungia wewe?"

"Mimi, nani mwingine? Nyuma huko ungeonekana?"

"Mwaka gani huo?"

"Usianze wivu na marehemu, mzee. Sikiliza. Pembeni yake palikuwa na duka la saa. Kabla ya saa palikuwa na kinyozi, aliyehama usiku mmoja na viti vyake vyote..."

Akaendelea. Alikuwa na mji mzima wa kumpa, nyumba kwa nyumba, rangi ilivyobadilika, miti iliyokatwa, watoto aliowaona wakikimbia gatini wakiwa wadogo na baadaye wakitembea gatini na watoto wao. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyewekewa kidole mdomoni miaka mingi kisha kidole kikaondolewa. Nahodha alikuwa anauliza, na kubisha, na kuuliza tena.

Hawakusikia boti ilipofika. Abiria waliteremka, fundi cherehani akiwa wa mwisho, akapita kwa kunyata. Meneja alizima injini, akatoka kwenye chumba cha usukani, akawakuta wazazi wake wameketi vilevile.

"Mama, Baba, tumefika. Nataka kwenda kumtafuta mtu wa rangi."

"Nenda," Nahodha alisema bila kumtazama, na akamwambia mkewe, "Kwa hiyo huyo kinyozi aliondoka na deni la nani?"

Bi Mbele akajivuta vizuri kwenye kiti, akavua viatu vya raba, akakunja miguu chini yake kama mtu aliye nyumbani.

"Ngoja nikupe mwanzo wake," alisema.